Moduli za PAM zinakaa wapi kwenye Ubuntu? Kisa cha kompyuta ya steshenari, Nyakato

Leo naweka pembeni kidogo habari za mitaa na bei ya dagaa, niandike jambo la kompyuta, maana limenikuta mwenyewe na nusura liniaibishe mbele ya watu. Nililitafuta kwa Kiswahili nikakosa, na kwa Kiingereza nikapata vipande vipande, kila kimoja kinasema lake. Kwa hiyo naliandika lote hapa. Mimi si injinia, niliishia kidato cha nne, haya mengine nimeyajua kwa kuharibu na kutengeneza. Nikichemka mahali, nisahihisheni hapo chini.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yangu mdogo ana steshenari hapa Nyakato, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Musoma. Anafanya fotokopi, kuskani, kuchapa barua, picha za pasipoti, na msimu ukifika anajazia vijana fomu za mkopo wa chuo. Kompyuta anazo mbili, zote za mtumba. Moja nilimwekea Ubuntu 22.04 baada ya kuchoshwa na virusi vya flashi za wateja. Si unajua tena, kwa siku zinachomekwa flashi ishirini na kila moja inakuja na wageni wake.

Sasa vijana wanaoshinda pale dukani wakawa na mchezo wa kubahatisha nywila yake kila akienda kula. Akaniambia, "Mwanangu, niwekee kitu, mtu akikosea mara tatu ijifunge." Nikamjibu, "Hilo dogo, mama mdogo." Hilo "dogo" ndilo lililonitoa jasho.

Nikaingia mtandaoni nikapata maelezo ya mtu, ya miaka mingi nyuma kama nilivyokuja kugundua baadaye. Yalisema fungua faili la /etc/pam.d/common-auth, kisha juu kabisa ongeza mstari huu:

auth required pam_tally2.so deny=3 unlock_time=600

Nikaongeza, nikahifadhi, nikatoka ili nijaribu kuingia upya. Nywila ikakataliwa. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja. Ikakataliwa. Mama mdogo akaandika ya kwake, ikakataliwa. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 nipate ile skrini nyeusi, huko nako ikakataa. Yaani mashine imetufungia nje wote, wezi na wenye mali.

Hiyo ilikuwa saa kumi na moja jioni. Pembeni amekaa binti mmoja, kamaliza kidato cha sita, vyeti vyake vyote alikuwa ameviskani mle ndani siku mbili kabla, na siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa kesho yake. Karatasi zenyewe alishazirudisha nyumbani Ukerewe. Hakusema kitu. Aliniangalia tu, na afadhali angenitukana.

Turudi nyuma kidogo tuone nini kilitokea, halafu nitasema tulivyotoka.

PAM NI MDUDU GANI

Kwenye Linux, programu inayokuuliza nywila siyo yenyewe inayoamua kama nywila ni sahihi. Inapokea ulichoandika, halafu inauliza kitu kinaitwa PAM. Zamani haikuwa hivyo. Kila programu ilikuwa inajisomea yenyewe faili la /etc/passwd na kulinganisha. Ukitaka kubadili namna ya kuhakiki watu, mathalani utumie kadi au seva ya mbali badala ya nywila, ilibidi uandike upya kila programu inayohusika. Mwaka 1995 watu wawili wa kampuni ya Sun Microsystems, Vipin Samar na mwenzake Schemers, wakatoa pendekezo kwamba kazi ya kuhakiki itolewe kwenye programu iwekwe kwenye vipande vidogo vinavyochomekwa na kuchomolewa. Vipande hivyo ndivyo moduli. Mwaka 1996 Red Hat wakaanza kuitumia kwenye Linux yao, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Slackware ndio waligoma muda mrefu kuliko wote wakubwa, wakaja kuikubali kwenye toleo la 15.0 mwaka 2022. Wazee wa Slackware mnaosoma hapa najua mtakuwa na la kusema.

Kwa hiyo kuna vitu viwili tofauti, na hapa ndipo watu wengi wanapotea, na mimi nikiwemo. Kuna moduli zenyewe, ambazo ni mafaili ya programu yanayoishia na .so. Halafu kuna mafaili ya maagizo, ambayo ni maandishi ya kawaida, yanayosema moduli ipi iitwe lini na ikikataa tufanyeje. Maagizo yanakaa /etc/pam.d. Moduli hazikai huko.

Na usidanganyike na folda ya /etc/security. Jina linafanana na la folda ya moduli, lakini mle kuna mipangilio ya baadhi ya moduli tu: limits.conf ya pam_limits, time.conf ya pam_time, faillock.conf ya pam_faillock. Mimi nilizunguka humo kama dakika kumi natafuta faili linaloishia na .so. Hakuna.

SASA MODULI ZENYEWE ZIKO WAPI

Jibu linategemea una Linux ipi na prosesa ipi. Zamani jibu lilikuwa moja, /lib/security, na ndiyo maana maelezo mengi ya zamani yanaitaja folda hiyo. Kwenye Ubuntu mambo yalibadilika mwaka 2011, toleo la 11.04, walipoanza kutenganisha maktaba za kila aina ya prosesa ili mashine moja iweze kubeba za biti 32 na za biti 64 bila kugombana. Debian nao wakaja na utaratibu huohuo. Tangu hapo, kwenye Ubuntu, Debian, Mint na jamaa zao, kompyuta ya biti 64 ya kawaida moduli zake ziko hapa:

/lib/x86_64-linux-gnu/security/

Kama ni mashine ya biti 32, badala ya x86_64-linux-gnu utakuta i386-linux-gnu. Kwenye Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64 ni aarch64-linux-gnu, na ile ya biti 32 ni arm-linux-gnueabihf. Majina magumu kweli, lakini huna haja ya kuyakariri. Andika hivi kwenye terminali na nyota itakutafutia yenyewe:

ls /lib/*/security/

Utaona orodha ndefu, pam_unix.so, pam_deny.so, pam_permit.so, pam_nologin.so na nyingine nyingi. Hizo ndizo.

Kuna atakayesema mbona kwake zinaonekana chini ya /usr/lib. Ni kweli, na wala hakuna ugomvi. Siku hizi /lib si folda tena, ni njia ya mkato inayoelekea /usr/lib. Ubuntu walianza kuiweka hivyo kwenye mashine mpya kuanzia toleo la 19.04, Fedora walitangulia mwaka 2012. Ukipita mlango wa /lib au wa /usr/lib unaingia chumba kilekile.

Fedora na ndugu zake wa upande wa Red Hat wanaweka moduli kwenye /usr/lib64/security. Arch ni /usr/lib/security. Kwa hiyo ukikuta maelezo yametaja njia usiyoiona kwako, kwanza jiulize mwandishi alikuwa anatumia Linux ipi na mwaka gani. Mimi sikujiuliza.

Njia ambayo haikosei, popote ulipo, ni kuitafuta moduli kwa jina kwenye diski nzima:

sudo find / -name 'pam_unix.so' 2>/dev/null

Kile kipande cha mwisho kinanyamazisha malalamiko ya folda ambazo haziruhusiwi kusomwa. Kwenye diski ya mtumba inachukua muda, kanywe chai.

Kwa wa Ubuntu na Debian kuna njia ya haraka zaidi, na inakupa faida ya pili ya kujua faili limeletwa na kifurushi gani:

dpkg -S pam_unix.so

Itakujibu kwamba ni mali ya libpam-modules, na njia yake. Hapa weka jina la faili peke yake, usiandike njia nzima. Sababu ni ileile ya milango miwili: kwenye matoleo kadhaa kifurushi kimeandikisha faili chini ya /lib, ukiuliza kwa /usr/lib unaambiwa halipo kumbe lipo. Wa Fedora wao watumie rpm -ql pam, watapewa orodha yote.

Siyo moduli zote zinatoka kwenye kifurushi kimoja. Ya alama za vidole, pam_fprintd.so, inakuja na libpam-fprintd. Ile ya kufungua hifadhi ya nywila za GNOME inakuja na libpam-gnome-keyring. Kujua kifurushi cha moduli ambayo bado huna, kuna kitu kinaitwa apt-file, ila kabla hakijafanya kazi kinavuta orodha kubwa kutoka mtandaoni. Kama unatumia bando la kuungaunga, nenda ukafanyie sehemu yenye waifai.

TULIVYOTOKA

Haya, saa kumi na mbili kasoro, giza linaanza, mimi nimefungiwa nje. Na usifikiri sudo ingenisaidia, kwanza siko ndani, pili sudo nayo inasoma common-auth ileile. Ndiyo maana ya hilo jina, ni faili la wote. Skrini ya kuingilia, sudo, su na sshd, zote kwenye Ubuntu zina mstari wa @include common-auth. Ukiliharibu hilo moja umeharibu zote.

Kilichotuokoa ni kuwasha upya na kuingia kwenye menyu ya GRUB. Kompyuta za zamani unashikilia Shift wakati inawaka, mpya mpya unagonga Esc. Unachagua mstari wa chaguo za ziada, kisha ule wenye maandishi "recovery mode", halafu "root". Kwenye Ubuntu ya kawaida, ambayo akaunti ya root haijawekewa nywila, unabonyeza Enter unapewa mamlaka yote. Pale hakuna PAM inayokuhoji. Diski inaweza kuwa imefunguliwa kwa kusoma tu, kwa hiyo:

mount -o remount,rw /
nano /etc/pam.d/common-auth

Nikafuta ule mstari wangu, nikahifadhi, nikawasha upya. Tukaingia. Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza, nikamwambia dada subiri kidogo nihakikishe, na hapohapo umeme ukakatika. Mtaa mzima giza. Ilibidi tukae nje juu ya jiwe tukingoja.

Umeme uliporudi kama saa mbili hivi, kwanza nikampa binti mashine amalize mambo yake. Alipokuwa anajaza nikakaa na simu nasoma, na alipopumzika kidogo nikaomba dakika tano nikaangalia logi. Kwenye Ubuntu ni /var/log/auth.log. Kwenye Debian kuanzia ya 12 faili hilo kwa kawaida hulikuti, unatumia sudo journalctl. Nikakuta hii:

PAM unable to dlopen(pam_tally2.so): /lib/security/pam_tally2.so: cannot open shared object file: No such file or directory

na chini yake:

PAM adding faulty module: pam_tally2.so

Tafsiri ya mtaani: nimeitafuta moduli uliyoniambia, sijaiona, kwa hiyo naihesabu kama mbovu. Na kwa kuwa niliandika required, yaani huyu lazima akubali, basi asiyekuwepo kahesabiwa kuwa amekataa. Ndiyo maana hata nywila sahihi haikufua dafu. Kwa kweli ni sawa, ukimweka mlinzi getini halafu hayupo, heri geti lifungwe kuliko liachwe wazi. Ila iliniuma.

Sasa angalieni mtego uliomo kwenye ujumbe huo. Unataja /lib/security. Mimi nikasema ahaa, kumbe folda hiyo haipo kwangu, ndiyo tatizo. Siyo! Kwenye Debian na Ubuntu, PAM inatafuta kwanza kwenye folda mpya yenye jina refu, ikikosa inajaribu ya zamani ya /lib/security kwa ajili ya moduli za kale, na ikikosa huko pia inakuandikia ile ya mwisho iliyojaribu. Kwa hiyo ujumbe ukisema /lib/security maana yake siyo kwamba moduli inatakiwa iwe hapo. Maana yake ni kwamba haipo popote. Utakutana na ujumbe wa namna hii pia kuhusu pam_kwallet.so kwenye mashine zinazotumia skrini ya LightDM. Ule kwa kawaida hauna madhara, mstari wake ni wa hiari, umeandikwa optional.

Lakini siku ile sikuyajua hayo. Kesho yake asubuhi, kichwa ngumu, nikatengeneza folda ya /lib/security kwa mkono, nikaenda kwa mshikaji wangu wa Buzuruga mwenye laptopu ya kale yenye Ubuntu ya kale, nikamnakilia pam_tally2.so kwenye flashi nikaja kuipachika. Angalau safari hii nilikuwa na akili ya kuacha terminali nyingine wazi. Matokeo kwenye logi yakabadilika:

wrong ELF class: ELFCLASS32

Laptopu ya mshikaji ni ya biti 32, ya mama mdogo ni ya biti 64. Moduli ya moja haikai kwenye nyingine. Ni kama kuleta gamba la daladala ndogo ulifunge kwenye basi la Musoma.

Ukweli wenyewe nikaupata jioni ile. pam_tally2 imestaafishwa. Debian waliitoa walipohamia PAM toleo la 1.4.0, na Ubuntu 22.04 inatumia toleo hilohilo, kwa hiyo kule haipo. Waandishi wa Linux-PAM wenyewe wakaifuta kabisa kwenye 1.5.0 mwaka 2020. Pamoja nayo ikaondoka pam_cracklib, ile ya kukataa nywila dhaifu, ambayo nafasi yake imechukuliwa na pam_pwquality. Na mrithi wa pam_tally2 anaitwa pam_faillock. Nikafanya ls, nikaikuta imekaa kwenye /lib/x86_64-linux-gnu/security siku zote, inaniangalia.

Bila kuigusa, pam_faillock inafunga akaunti baada ya makosa 3 ndani ya dakika 15, na inafungua yenyewe baada ya dakika 10. Hivyo vinabadilishwa kwenye /etc/security/faillock.conf. Mtu akijifungia unamtoa kwa kuandika sudo faillock --user halafu jina lake halafu --reset. Kuipanga kwenye common-auth kunataka makala yake, maana inakaa mara mbili, kabla na baada ya pam_unix, na kuna hesabu ya mistari. Ukifungua faili hilo utaona kitu kama [success=1 default=ignore]. Ile 1 maana yake ni "ikikubali, ruka mstari mmoja", na mstari unaorukwa ni wa pam_deny, yule anayekataa kila mtu. Sasa wewe ukichomeka mstari katikati bila kuangalia hesabu, aliyekosea anaweza kupita na aliyepatia akazuiwa. Na mle juu Ubuntu wenyewe wameandika kwamba faili hilo linasimamiwa na programu ya pam-auth-update, ambayo maelekezo yake yanakaa /usr/share/pam-configs. Mimi niliruka maandishi hayo kama tunavyoruka masharti ya tiketi.

KWA NINI UJUE ZINAPOKAA HATA KAMA HUNA SHIDA

Hapa nataka wenye intaneti kafe na steshenari wasome taratibu. Moduli ya PAM ndiyo inayopokea nywila ikiwa wazi, herufi kwa herufi, kabla haijalinganishwa na kilichofichwa kwenye /etc/shadow. Mtu mwenye mamlaka ya root akibadilisha pam_unix.so akaweka ya kwake, anaweza kukusanya nywila za wote wanaoingia, na kujiwekea nywila moja ya kufungulia akaunti yoyote. Siyo hadithi. Agosti 2025 kampuni ya Nextron Systems ilieleza programu ya wezi waliyoipa jina la Plague, ambayo ni moduli bandia ya PAM kwa ajili ya seva za Linux.

Kuangalia kama moduli zako ni zilezile zilizoletwa na kifurushi, kwenye Ubuntu na Debian andika:

sudo dpkg -V libpam-modules

Ikinyamaza, salama. Ikikutolea mstari wenye alama za kuuliza na namba 5 katikati pamoja na jina la faili la .so, faili hilo limebadilika tangu liwekwe, na hapo usilale. Fedora ni rpm -V pam. Kipimo hiki si dawa ya kila kitu, maana mwizi mwenye root anaweza kuchezea hata orodha ya kulinganishia, lakini kinakamata wengi. Fahamu pia kwamba hakioni faili lililoongezwa, kinaona lililobadilika. Kwa yaliyoongezwa pita faili moja moja kwenye ile folda ukiuliza dpkg -S. Likijibu "no path found", faili hilo halikuletwa na kifurushi chochote. Kwa mama mdogo lilikuwepo moja la namna hiyo, na aliyeliweka nilikuwa mimi, ile pam_tally2 ya flashi. Nikaifuta na folda yake.

Na kujua ni moduli zipi mashine yako inaziita, ambazo ndizo za kuhakikisha zipo, kuna hii:

grep -rho 'pam_[a-z0-9_]*\.so' /etc/pam.d | sort -u

Inatoa majina yote yaliyotajwa kwenye maagizo, hata yaliyo kwenye maelezo ya pembeni yaliyozimwa kwa alama ya reli, kwa hiyo usishtuke ukikuta jina ambalo faili lake halipo. Ukitaka kuongeza jipya, angalia kwanza kwa ls kama lipo. Sekunde mbili tu. Mimi nilizikwepa nikalipa jioni nzima.

Jambo jingine, kabla hujagusa chochote ndani ya /etc/pam.d, fungua terminali ya pili uandike sudo -i, uiache hivyohivyo mpaka umejaribu kuingia kutoka sehemu nyingine na umefanikiwa. Ukichemka, hiyo terminali bado ina mamlaka, unarudisha faili kama lilivyokuwa. Na nakili faili kwanza, ila nakala usiiache ndani ya /etc/pam.d kwenyewe, maana kila jina mle linahesabika ni la huduma. Weka kwenye folda yako.

Kuna mdau aliniuliza kwa nini nang'ang'ana na programu huria wakati Windows ipo kila kona. Nikimjibu kwa ufupi: kwa sababu nilipofungiwa nje niliweza kusoma kwa nini. Halafu ni jambo ambalo Watanzania walishalishika zamani. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno ya kuelezea yapo. Wa kuandika ndio wachache, na ndiyo maana mtu wa kidato cha nne wa Nyakato analazimika kuwaandikia habari za PAM.

Binti wa Ukerewe alituma maombi yake usiku uleule, kama saa nne, tukampigia bodaboda akampeleka kwa shangazi yake Igoma. Mama mdogo hakumtoza hela ya kuskani. Alinitoza mimi. Na vijana wa pale dukani sasa wakikosea mara tatu wanangoja dakika kumi kama ilivyopangwa, ila juzi mama mdogo mwenyewe alikosea mara tatu, akanipigia simu niko kwenye daladala, ikabidi niteremke Mecco nirudi kwa mguu.